Land Rover Series III: taa kubwa zinafifia, nianze na balbu au wayaringi?

109_Igoma ameandika:

Mwangaluka wakuu. Naomba msaada kwa wenye uzoefu na magari ya zamani, hasa hizi Land Rover.

Nina Series III 109 ya petroli ya mwaka 1977, ilikuwa ya marehemu baba na sina mpango wa kuiuza hata aje mtu na gunia la hela. Injini ni ile ile ya lita 2.25, breki nimerudishia zote, bodi imenyooshwa na kupigwa rangi hapa hapa Nyakato, asubuhi inawaka bila kubembelezwa. Kilichobaki kunisumbua ni taa kubwa, zinawaka njano kama kibatari. Zamani sikuwa natembea nayo usiku kwa hiyo sikujali, ila tangu daraja la Kigongo-Busisi lifunguliwe 2025 hakuna tena mambo ya kuwahi kivuko, najikuta natoka Sengerema jioni sana na giza linanikuta kabla ya Usagara, na nyie mnaijua hali, baiskeli haina taa wala kiakisi, ng'ombe wanarudishwa nyumbani, mkokoteni wa mkaa umeegeshwa nusu uko kwenye lami, na mimi vyote hivyo naviona vikiwa vimeshafika kwenye bampa.

Dalili zenyewe: taa ya kulia imefifia kuliko ya kushoto. Nikikanyaga mafuta zinaongezeka kidogo afu zinarudi. Nikiwasha indiketa ya kulia ile taa kubwa ya kulia nayo inacheza cheza kwa kufuata indiketa. Na ule mkono wa kubadilisha dimu (mwanga wa chini) na fulu (mwanga wa mbali) kwenye usukani, nikitembea na taa kama nusu saa hivi, plastiki yake inakuwa ya moto kabisa ukishika.

Nimeuliza mjini kila mtu na lake. Mmoja anataka aniuzie balbu za LED, mwingine ananiambia weka balbu za wati 100 kwa 90 (100 fulu, 90 dimu), na fundi mmoja akaniambia gari nzima ing'olewe nyaya zote ianze upya, bei aliyotaja ni ya kununua pikipiki. Mimi nataka gari ibaki na sura yake, zile taa za duara za inchi 7, ila nione barabara. Nianzie wapi?

Chuma_Buzuruga ameandika:

Kaka weka LED maliza kazi. Mimi nimeweka kwenye Hilux ya 1983, unachomoa balbu ya zamani unachomeka mpya, dakika kumi tu, na inakula umeme kidogo kwa hiyo hata hizo nyaya zako chakavu hazitalalamika. Usiku ni mchana. Hela ya kung'oa wayaringi nzima kanunue matairi.

Umeme_Nyakato ameandika:

109_Igoma pole na kazi na hongera kwa kuitunza gari ya mzee. Mimi ni fundi umeme wa magari na Landi za Uingereza nimezishika sana, naomba usinunue balbu ya aina yoyote kwanza, nisikilize.

Dalili zako zote nne zinasema kitu kimoja, taa zako zina njaa ya umeme. Balbu ya halojeni au ile taa nzima ya zamani ambayo balbu haitoki, zote zina tabia hii: volti ikipungua asilimia 10 mwanga haupungui asilimia 10, unapungua kama asilimia 30. Ikipungua asilimia 20 umebaki na chini ya nusu ya mwanga, na rangi inageuka njano maana waya wa ndani haupati moto wa kutosha. Kwa hiyo hiyo njano unayoiona siyo uzee wa taa, ni volti zinazopotea njiani kabla hazijafika.

Zinapotea wapi? Fuatilia njia. Waya wa kahawia unatoka kwenye moto wa betri, yani upande wa positivu, unapita ndani mpaka swichi ya taa, unatoka kama bluu unaenda swichi ya dimu hapo kwenye usukani, pale unagawanyika, bluu yenye mstari mweupe ni fulu, bluu yenye mstari mwekundu ni dimu, afu zinarudi tena mbele mpaka kwenye paneli ya rejeta, zinakutana na vile viungio vya mviringo vinavyosukumizwa ndani ya kimpira cheusi, ndipo zinaenda kwenye taa. Hizo ni rangi za Lucas, kampuni ya Uingereza ya vifaa vya umeme vya magari, na ukizijua gari inakuwa rahisi kusoma. Sasa taa mbili za wati 60 ni wati 120, gawanya kwa 12 unapata ampea 10, na ampea 10 zote zinapita kwenye swichi ndogo mbili za miaka karibu hamsini na kila kiungio kina kutu yake. Kiungio kikila volti kinazigeuza kuwa joto, ndio maana mkono wa dimu unaungua. Hiyo usiichukulie poa, plastiki ile ikiyeyuka unabaki gizani katikati ya safari, na hizi gari za Uingereza za wakati ule taa kubwa nyingi hazikupitishwa kwenye fyuzi kabisa, kwa hiyo waya ukigusa bodi hakuna cha kuukata, unaungua wenyewe mpaka uishe.

Indiketa kuchezesha taa kubwa ni ethi, yani njia ya umeme kurudi betri kupitia bodi ya gari. Hapo sina haja hata ya kuiona gari. Taa ya kulia na indiketa ya kulia wanagombania ethi moja mbovu. Bodi ya Landi ni aluminiamu, skrubu ni chuma, na aluminiamu ikikaa na chuma kwenye unyevu inaota ule unga mweupe ambao haupitishi umeme. Na sisi tuko ziwani, gari inalala nje Igoma, unyevu kila alfajiri. Mkipaka rangi mpya ndio mnaziba kabisa, maana rangi inaingia chini ya skrubu za ethi na hakuna anayekumbuka kukwangua.

Fanya hivi. Azima multimita ya kawaida, kile kifaa cha kupimia umeme, weka volti DC. Washa injini, mtu akanyage kidogo isiwe sailensa (injini kuzunguka polepole bila kukanyaga mafuta), washa dimu. Pima betri yenyewe kwanza. Afu nenda nyuma ya taa ukiwa na soketi imechomekwa na taa inawaka, usipime taa ikiwa imezimwa maana bila mzigo hata waya uliobaki uzi mmoja utakuonyesha volti 12 safi na utadanganyika. Pima kati ya pini ya dimu na pini ya ethi ya taa hiyo hiyo. Kisha pima upotevu upande upande: waya mmoja wa mita kwenye positivu ya betri mwingine kwenye pini ya dimu, hicho kinachosoma ndicho kimepotea njiani kwenye moto. Rudia kutoka pini ya ethi ya taa mpaka negetivu ya betri, hicho ndicho kimepotea kwenye ethi. Fanya taa zote mbili uje na namba hapa.

Na yule wa wati 100 kwa 90 mkimbie. Hizo ni ampea 16 na zaidi kwenye njia ambayo 10 zinaishinda.

Dereva_Lamadi ameandika:

Naunga mkono fundi hapo juu ila nataka niongee na Chuma_Buzuruga bila ugomvi. Ndugu yangu mimi naendesha Mwanza Musoma usiku na hizo LED mnazochomeka kwenye taa za halojeni zinatuua. Wewe unaona mchana, mimi ninayekuja mbele yako naona ukuta mweupe. Pale Magu juzi kati nimepishana na gari ya namna hiyo, ikapita, na kwa sekunde kadhaa sikuwa naona hata mstari wa pembeni, na pembeni kulikuwa na watu wanatoka gulioni. Rifleta ya halojeni, ile bakuli inayong'aa ndani ya taa, imechongwa kwa ajili ya waya mwembamba unaowaka ukiwa sehemu moja kamili. Ukiweka vijitaa vya LED vilivyokaa pembeni kidogo na vyenye umbo lingine mwanga unatawanyika juu, na wewe mwenyewe unaona kama una taa kali kwa sababu hapo mita chache mbele yako pamewaka sana, lakini mbali kule ambako ng'ombe yupo hauoni zaidi.

Chuma_Buzuruga ameandika:

Nimekuelewa Dereva, na kweli madereva wa malori huwa wananipigia fulu hata nikiwa kwenye dimu. Nitaliangalia hilo. Lakini bado swali langu kwa fundi, hizi relei, zile swichi za umeme ambazo mafundi mnapenda kuzifunga kwenye taa, si ndio mnaongeza vitu vya kuharibika? Gari ilitoka kiwandani bila relei ikatembea miaka yote hiyo.

109_Igoma ameandika:

Wakuu asanteni sana. Nimepima jana jioni na kijana wangu akiwa kwenye mafuta. Betri ikiwa inachaji ni 14.0.

Taa ya kushoto kwenye dimu inapata 11.3. Upotevu upande wa moto 2.2, upande wa ethi 0.5.

Taa ya kulia inapata 10.2. Moto 2.3, ethi 1.5.

Nilibaki nashangaa. Volti karibu 4 zinaliwa njiani upande wa kulia. Halafu nimefungua soketi ya kulia nimekuta imeungua imekuwa ya kahawia, na waya unaoingia pale siyo wa bluu na nyekundu, kuna mtu zamani aliunga waya wa spika, ule mwembamba mwekundu na mweusi, akafunga na seloteipu. Nimechuna kidogo ndani shaba imekuwa nyeusi tii.

Umeme_Nyakato ameandika:

Umefanya kazi nzuri sana, kuna mafundi wenye gereji hawapimi hivyo. Balbu nyingi hupimwa kiwandani kwa volti 13.2, kwa hiyo kulia una kama asilimia 40 ya mwanga wako, kushoto kama asilimia 60. Yani gari yako ina taa, hazijawahi kupewa chakula tu.

Sasa jibu la Chuma_Buzuruga linaingia hapa hapa. Swali lako ni la haki. Relei haiongezi mwanga wowote, kazi yake ni kuziondoa ampea 10 kwenye swichi. Koili ya relei inakula kama robo ya ampea au pungufu, hiyo ndiyo itakayopita kwenye swichi ya mzee, na ule mkono wa dimu hautapata joto tena mpaka wajukuu. Ampea kubwa zinatoka betri zinapita fyuzi, relei, taa, njia fupi ya waya mpya. Kuharibika inaweza, lakini relei ni ya kuchomoa na kuchomeka pembeni ya barabara, swichi ya dimu ya Series III utaitafutia wapi saa nne usiku? Tena swichi za zamani zilizo nzima zinazidi kuadimika, kuzipunguzia mzigo ndiyo kuzitunza. Na wayaringi ya zamani haikatwi. Unaacha zile nyaya za bluu zibaki kama zilivyo, zinakuwa za kutoa amri tu, siku ukitaka kurudisha kama ilivyotoka kiwandani unang'oa vyako gari inabaki nzima. Kwa hiyo habari ya kung'oa gari nzima sahau, labda ukute kwingine nako kumeungua.

Mahitaji: relei mbili, moja ya dimu moja ya fulu, za ampea 30 au 40, pini nne. Kama ni za kawaida za Ulaya zimeandikwa 30, 85, 86, 87. Namba 30 inapata moto kutoka betri kupitia fyuzi, 87 inaenda kwenye taa, 86 inapata amri kutoka waya wako wa bluu na nyekundu kwa dimu, au bluu na nyeupe kwa fulu, 85 ethi. Ukiuziwa ya pini tano angalia ile ya katikati, kama imeandikwa 87a usiiguse, hiyo ina moto relei ikiwa imelala, ukiunga hapo taa zitawaka muda wote swichi ikiwa imezimwa. Binafsi napendelea relei za mtumba zilizotolewa kwenye Toyota kuliko mpya za bei ya chee zinazouzwa kwa fungu, ila hizo zimeandikwa 1, 2, 3 na 5, hapo 1 na 2 ni koili, 3 na 5 ndiyo njia ya umeme mkubwa. Zifunge pini zikiangalia chini ili maji yasitulie ndani.

Waya nunua wa magari, wa nyuzi nyingi laini, milimita za mraba 2.5 ndiyo kima cha chini, 4 kama unapata. Kwa 2.5, mita 3, ampea 10, unapoteza kama volti 0.2 tu. Usiweke waya wa nyumba ule mgumu, ukitikiswa na barabara za makorogesheni unakatika ndani ya ngozi bila kuonekana. Na angalia usiuziwe aluminiamu iliyopakwa rangi ya shaba, imejaa sana, kwangua ncha kwa wembe, ukiona nyeupe ndani rudisha. Njia nzuri ni kwenda kwa wanaokata magari ya Kijapani uchukue wayaringi ya mbele ya lori dogo, unapata waya mzuri na soketi na nyumba ya fyuzi kwa pamoja.

Fyuzi ya kila relei ikae karibu kabisa na betri, siyo huko mbele kwenye taa, maana fyuzi inalinda waya ulio baada yake, ule ulio kabla yake hauna mlinzi. Ya ampea 15 kwa kila relei inatosha. Zitenganishe dimu na fulu, ikilipuka moja inabaki nyingine unafika nyumbani.

Ethi sasa, ndipo kwenye faida yako kubwa ya bei rahisi. Kila taa ivutiwe waya wake mweusi wa 2.5 moja kwa moja mpaka kwenye boliti moja safi ya chesisi, afu hakikisha kuna waya mnene toka negetivu ya betri kwenda chesisi na mwingine toka chesisi kwenda injini. Kwangua rangi mpaka uone chuma kinang'aa, funga, ndipo upake grisi juu, grisi inakuja mwisho. Ile indiketa nayo ihamishie kwenye ethi hiyo.

Ncha za nyaya zibanwe na koleo lake la kubania klipu, usibane na meno wala pulaizi. Kulehemu na risasi kwenye gari inayotikisika sikushauri, pale risasi inapoishia waya unakuwa mgumu na ndipo unapokatikia. Kila unapopitisha waya kwenye tundu la bati weka mpira, Landi imekata nyaya nyingi kwenye yale matundu ya madigadi.

Kobe64 ameandika:

Samahani kudandia uzi. Mimi nina Volkswagen ya mgongo ya 1964 na ni volti 6. Haya maneno yananihusu au?

Umeme_Nyakato ameandika:

Yanakuhusu mara mbili. Wati zile zile kwa volti 6 ni ampea mara mbili, na ukipoteza volti moja njiani kwa mwenzako ni kama asilimia 8, kwako ni asilimia 17. Ethi na relei fanya, ila relei iwe ya volti 6, na waya anzia 4. Usikimbilie kubadili gari yote kuwa 12 kabla hujasafisha ethi, utashangaa.

Mzee_Nansio ameandika:

Vijana hamjambo. Fundi ameeleza vizuri sana upande wa umeme, mimi naomba niongezee upande wa kioo, maana hapo watu wengi wanatupa hela.

Ukishamaliza nyaya ndipo ubadilishe hizo taa nzima uweke taa za inchi 7 zenye balbu ya H4, wati 60 fulu na 55 dimu. Zinaingia kwenye pete ile ile na hata pini tatu za nyuma ni zile zile, sura ya gari haibadiliki mtu asiyejua hatagundua. Lakini kabla hujalipa geuza kioo usome. Sisi tunaendesha kushoto. Kioo cha nchi za kushoto mwanga wake wa dimu unapanda upande wa kushoto, kumulika pembeni waliko watembea kwa miguu, na unashuka upande wa kulia ili usimchome anayekuja. Kioo cha Ulaya bara kinafanya kinyume, kinapanda kulia, yani moja kwa moja machoni kwa mwenzako huku baiskeli iliyoko kushoto kwako ukiiacha gizani. Na hivyo vya Ulaya bara ndivyo vinavyozagaa madukani kwa sababu nchi nyingi zinaendesha kulia.

Kukitambua ni rahisi. Kwenye kioo kuna duara lenye herufi E na namba. Ukisimama mbele ya gari unaitazama taa, tafuta kimshale kilicholala karibu na hiyo alama. Mshale ukielekea mkono wako wa kulia wewe unayetazama, hicho ni cha kuendesha kushoto, ndicho chetu. Ukiwa na ncha mbili ni cha pande zote. Ukikuta E lakini hakuna mshale kabisa, hicho ni cha kuendesha kulia, kiache. Ukikuta hakuna E wala chochote, kioo kitupu chenye jina la duka, kiache pia.

Ila jua kitu kimoja, taa nzima ya zamani ilikuwa imezibwa maji hayaingii. Hii ya H4 ina tundu nyuma, lazima ile kofia ya mpira ivae vizuri, la sivyo unyevu wa ziwani utakula rifleta mpaka ipauke na hapo hata volti 14 hazitakusaidia. Na wale wadudu wa ziwani wakitoka jioni wanajaa kwenye kioo, futa kila unaposimama, kioo kilichogandwa na wadudu kinatawanya mwanga.

Balbu zenye rangi ya bluu usinunue. Ile rangi inakunywa sehemu ya mwanga, unalipia zaidi upate pungufu.

109_Igoma ameandika:

Shikamoo mzee, asante sana kwa hilo la mshale, nilikuwa na jozi nimeshawekewa pembeni na muuzaji, nimeenda kuangalia E ipo mshale haupo. Nimeziacha. Nimepata zingine zenye mshale kwa mtu anayeleta vitu vya Land Rover kutoka Nairobi.

Swali kwa fundi, oltaneta yangu ni ile ya zamani ya Lucas 16ACR, itamudu?

Umeme_Nyakato ameandika:

16ACR ni ampea 34 ikiwa nzima na ikizunguka vya kutosha. Taa kubwa 10, taa ndogo na dashibodi kama 3, koili ya injini kama 4, waipa mvua ikinyesha weka 3 au 4. Uko kama 20 au 21, inamudu na betri inapata chake. Sailensa ndipo inapopungua sana kwa hiyo ukisimama kwenye foleni ya Buhongwa na taa usiogope zikishuka kidogo. Ila usije baadaye ukaongeza mabomba ya taa juu ya paa ukadhani hesabu ni ile ile. Wenye Series II zenye dainamo ya Lucas C40 ndio wapige hesabu vizuri, ile ni ampea 22 tu, na hizo za kabla ya 1967 hivi nyingi positivu ndiyo iliyofungwa kwenye bodi, hapo mnaongea na fundi kabla ya kugusa kitu.

109_Igoma ameandika:

Wakuu nimerudi. Kazi imefanyika, relei nimezifunga ndani ya madigadi upande wa betri, waya ni 4, ethi mpya kila taa. Kwanza nilifunga na taa za zamani zile zile ili nijue nini kimesaidia. Sasa zinapata 13.5 kulia na kushoto, sawa sawa. Njano imeisha. Indiketa haichezeshi tena. Mkono wa dimu wa baridi hata baada ya kutoka mjini mpaka Kisesa na kurudi. Ndipo nikaweka H4 na hapo tena ni gari nyingine, ule mpaka wa mwanga unauona umechorwa barabarani na upande wa kushoto unapanda unamulika majani ya pembeni.

Tatizo moja, leo mtu mmoja amenipigia fulu nikiwa kwenye dimu.

Mzee_Nansio ameandika:

Hujazilenga. Tafuta ukuta na sakafu tambarare, hata ukuta wa godauni, simamisha gari mita 10, matairi yana upepo wake wa kawaida na nyuma weka mzigo unaobebaga, maana 109 ikishuka nyuma pua inanyanyuka na taa zinaangalia nyota. Pima kutoka chini mpaka katikati ya kioo cha taa, chora mstari ukutani urefu huo huo. Washa dimu, funika taa moja, ule mpaka wa mwanga uwe sentimita 10 mpaka 13 chini ya mstari, na kona unapoanza kupanda iwe usawa wa taa yenyewe. Skrubu ya juu kwenye pete inapandisha na kushusha, ya pembeni inapeleka kulia na kushoto. Geuza robo robo. Halafu hamia taa ya pili.

109_Igoma ameandika:

Nimeelewa mzee. Ukuta upo, Jumamosi natia mifuko ya saruji nyuma nizilenge.

Umeme_Nyakato ameandika:

Na ukishamaliza weka relei moja ya akiba na fyuzi mbili za 15 kwenye kisanduku chini ya kiti, mwonyeshe na huyo kijana wako zinapokaa na namna ya kubadilisha. Chuma_Buzuruga lete hiyo Hilux tuipime, naamini nayo ina volti zimepotea mahali.

Chuma_Buzuruga ameandika:

Naileta wiki ijayo fundi. Zile H4 za zamani bado ninazo nyumbani.